Pasi ya Mvuke na Kanzu ya Ijumaa

Ndugu zetu katika imani, ni mara ngapi kanzu nyeupe imetiwa madoa na pasi ya mvuke, adhana ya Ijumaa ikiwa karibu, nasi tukailaumu pasi? Aghalabu kosa ni letu. Maji ya kisima yana chokaa; yakichemka, mvuke hutoka, chokaa hubaki ikaganda na kuziba vitundu. Basi tutumie maji yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Marashi tuyapake mwilini, tusiyatie ndani ya pasi. Tukimaliza, tuchomoe waya, tumwage maji yaliyobaki wakati pasi ingali na joto, kisha tuisimamishe wima. Kukiharibu chombo kwa uzembe ni israfu, na mali ni amana tutakayoulizwa. Wabillahi tawfiq.