Mgonjwa wa Siku Nyingi na Muuguzi Wake

Malalamiko dhidi ya wauguzi wa hospitali zetu si mageni, na mengine ni ya haki. Lakini liko jambo moja ambalo halizungumzwi ipasavyo katika mikutano yetu. Nalo ni uhusiano baina ya muuguzi na yule mgonjwa aliyelazwa kwa muda mrefu, ambaye wodi nzima imekwisha mpa jina la "msumbufu".

Wagonjwa wa namna hiyo si wachache. Aliyevunjika mfupa wa paja, pale ambapo hakutiwa chuma kwa upasuaji, huweza kulala chali kwa wiki 6 hadi 12, mguu wake umevutwa kwa uzito. Aliyeungua moto, aliyeumia uti wa mgongo na mwenye kidonda cha kisukari huweza kukaa miezi kadhaa. Mtu huyo jana alikuwa fundi, mkulima au baba wa nyumba anayejiamulia mambo yake. Leo hawezi hata kwenda haja pasipo kuomba. Akili yake ni timamu, bali mwili umefungwa. Haishangazi basi kwamba hushikilia kile kidogo kilichobaki katika mamlaka yake: dirisha lifungwe, mto ugeuzwe, muuguzi huyu aitwe, yule asimguse.

Kwa upande wa pili yuko muuguzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kwa desturi kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Kazi hiyo hufanywa na mikono ile ile inayogawa dawa, kufunga vidonda na kupokea mahututi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi wapatao milioni 5.9 mwaka 2018, na kwamba sehemu kubwa sana ya upungufu huo ilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo.

Hatari yenyewe ni hii. Kitanda cha msumbufu huanza kukwepwa. Akiita mara moja haitikiwi, basi huita mara kumi, na huko kuita mara kumi ndiko kunakothibitisha usumbufu wake. Siku pumzi itakapombana kweli, au damu itakapovuja chini ya bandeji, sauti yake itakuwa imekwisha zoeleka masikioni. Hapo jambo lililoanza kama ugomvi wa mto na dirisha huweza kumalizika kwa mauti.

Sisi tunaamini kuwa dawa ipo. Kwanza, mgonjwa wa siku nyingi apangiwe muuguzi wake katika kila zamu, amweleze atarudi saa ngapi, na arudi saa hiyo hiyo. Mwenye hakika ya kutembelewa hana haja ya kupiga kelele. Pili, wauguzi wote wa wodi wakubaliane juu ya lipi linawezekana na lipi haliwezekani, kwani akikatazwa asubuhi na kuruhusiwa jioni, ni wao waliomfundisha kuwachagua. Tatu, muuguzi aliyechoshwa na kitanda kimoja abadilishwe kwa muda bila ya kuitwa mvivu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa siku moja ni kweli, lakini yule wa miezi mitatu aulizwe saa ya kuoga na upande wa kulalia, apate kujiona angali ni mtu.

Pamoja na hayo, subira ya muuguzi isigeuzwe kuwa utumwa. Matusi si dalili ya ugonjwa wa mguu, na muuguzi anayetukanwa anastahili kulindwa na wakubwa wake. Tena tunasema bila ya kumung'unya maneno: wako wagonjwa na jamaa zao wanaotisha kwa majina ya wakubwa. Sisi tulio katika Chama hatuna budi kujisahihisha. Kiongozi anayepiga simu hospitali ili ndugu yake ahudumiwe kwanza, amemdhulumu mkulima aliyelala kitanda cha pili ambaye hana wa kumpigia simu.

Jamaa nao wajiulize. Wiki ya kwanza kitanda huzungukwa na watu, mwezi wa pili hakuna ajaye. Sehemu kubwa ya wito wa mgonjwa huyo si maji wala dawa, bali ni upweke. Dini zetu zinatuamrisha kumzuru mgonjwa, na hazikuweka kikomo cha wiki moja. Mashina, misikiti na makanisa yajiwekee zamu.

Serikali nayo ina deni lake. Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo ikitimizwa kwa kuajiri wauguzi, itaonekana usiku wodini.

Mgonjwa ni amana mikononi mwa muuguzi. Na muuguzi, naye, ni amana mikononi mwetu sote.