Kitani ya Madhabahuni na Kokoro la Mwaloni

Tunapenda kuhubiri juu ya kitani. Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua yake darini (Yoshua 2:6). Mke mwema aliitafuta akaifanyia kazi kwa mikono yake (Mithali 31:13). Makuhani waliivaa madhabahuni. Lakini mmea uleule, ukishalowekwa majini, kupondwa na kusokotwa, ulitoa pia nyuzi za nyavu.

Nyavu za kitani zilifika hata ziwa letu. Mwaka 1905 zililetwa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, kisha zikaenea. Ngege walivuliwa kupita kiasi, wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 mtafiti Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri matundu ya wavu yasipungue inchi 5. Onyo hilo lina karibu miaka 100. Miaka ya 1950 nailoni ilichukua nafasi ya kitani, lakini tamaa haikubadilika.

Leo sisi wa Mwanza na visiwani bado tunasema, "Ziwa ni la Mungu, haliwezi kuisha." Hiyo si imani, ni kumjaribu Bwana. Ngege nao walikuwa wa Mungu. Wengine humlaumu sangara. Ni kweli alikula wengi, lakini ngege walianza kupungua kabla sangara hajaletwa.

Wengine hujibu kwamba njaa haingoji. Hatumsemi mama anayetafuta kitoweo cha wanawe. Tunajisema sisi wenye mitumbwi, tunaokokota kokoro usiku, na sisi tunaonunua sangara wasiotimia sentimita 50 huku tukijua sheria inakataza. Jumapili tunaitolea fedha hiyo fungu la kumi, na kanisa linapokea bila kuuliza. Samaki wachanga hao ndio chakula cha wajukuu wetu. Tumewaibia, kisha tumeimba haleluya.

Tajiri wa Luka 16 naye alivaa kitani safi, haikumwokoa. Ufunuo 19:8 unatueleza kitani inayokubalika ni ipi: ni matendo ya haki ya watakatifu.

Basi, wapendwa, kabla hatujachangia majoho mapya ya kwaya, wazee wa kanisa na watuulize wazi: samaki wa sadaka hii walivuliwa kwa wavu gani? Mwenye kokoro na alitoe ziwani kwanza, ndipo aje madhabahuni.