Hatua kwa Hatua: Funzo la Kifaa cha Gitaa
Mtu anayejiundia kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa, na kutaka pia kiitikise sauti hiyo, mara nyingi huunganisha vyote siku moja. Kifaa kikinyamaza, hajui kosa liko wapi. Transista mbili na betri ya volti 9 zatosha kukuza wimbi la umeme hadi vilele vyake vikatike. Hapo sauti hukwaruza. Hatua hiyo na ijaribiwe kwanza, ndipo iongezwe saketi ya kupandisha na kushusha sauti mfululizo.

Vivyo hivyo darasani: tusifundishe kugawanya kabla ya kutoa kueleweka. Mtoto aliyerundikiwa mambo hunyamaza kama kifaa hicho, nasi humwita mjinga, ilhali kosa ni la mpango wetu.