"Namba ni za nani?" Niliyoyasikia Rongo kuhusu chanjo ya malaria

Wiki mbili nilizokaa Rongo kwa kaka yangu nimesikia habari za chanjo kuliko habari za miwa, na kule miwa ndiyo habari. Matrekta yaliyosheheni hupita kutwa kuelekea Awendo. Kando ya barabara, kwenye stendi ya bodaboda, kuna baraza kama zetu za Mombasa, inakosa kahawa tu. Hapo ndipo kijana mmoja aliponiambia, kwa upole kabisa: "Dada, mwambie wifi yako asimpeleke mtoto. Ile sindano ya malaria ni ya kupunguza watu."

Nikamuuliza amejuaje.

"Si unaona mwenyewe? Neti bure, dawa bure, sasa sindano bure. Nani hutoa vya bure?"

Wifi yangu alikuwa ameshampa mtoto dozi tatu. Ya nne ikamshinda, na kitabu cha kliniki kikabaki juu ya kabati. Kila nikimuuliza jibu ni moja: "Moyo wangu haujatulia, wifi."

Chanjo hiyo Kenya ilizinduliwa hukohuko, Ndhiwa katika kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019, Ghana na Malawi zikiwa zimetangulia mwaka huohuo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Tathmini ya nchi hizo tatu ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Kwa kanda ya ziwa, ambako malaria imekithiri kuliko kwengine kokote Kenya, hao ni watoto wengi. Nikayapeleka haya barazani nikidhani nimemaliza maneno. Yule kijana akauliza: "Namba ni za nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, R. Kelly Garrett na Brian Weeks, walichapisha utafiti kuhusu watu wanavyoamua kwamba jambo ni kweli. Wako wanaotegemea moyo unavyowaambia, wako wanaotaka ushahidi, na wako wanaoona ukweli ni mali ya mwenye nguvu. Waliotegemea moyo, na walioona ukweli ni siasa, ndio waliokuwa wepesi zaidi kuamini njama za siri. Waliotaka ushahidi hawakuwa wepesi hivyo.

Utafiti ulikuwa wa Wamarekani, lakini nilimwona wifi yangu katika kundi la kwanza na kijana wa bodaboda katika la tatu. Na hilo la tatu, kwa maoni yangu, ndilo zito zaidi kwetu, maana serikali yenyewe ndiyo mwalimu wake. Watu wa Rongo wanaishi kwa sukari. Mwaka 2018 waziri wa usalama alitangaza kuwa sukari ya magendo iliyokamatwa ina zebaki na shaba. Haukupita muda, wakubwa wenzake serikalini wakasema zebaki haimo. Sukari ni ileile, na serikali ni ileile. Mkulima wa miwa aliyeyasikia hayo akijifunza kuuliza "namba ni za nani", mimi siwezi kumcheka.

Kisha kuna ya pepopunda, ambayo barazani huletwa kama turufu. Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walidai kuwa chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ina homoni ya kuharibu uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Sampuli zilikuwa zimepimwa kwa vipimo vya damu ya binadamu, si vya chanjo. Na wanawake walichaguliwa kwa sababu mama aliyechanjwa humkinga mtoto mchanga na pepopunda inayoingilia kitovuni. Ila punje ya kweli ilikuwamo: wanasayansi waliwahi kweli kufanyia utafiti chanjo ya kupanga uzazi iliyounganishwa na ile ya pepopunda. Ilikuwa nyingine kabisa, lakini uvumi hautaki zaidi ya punje.

Nasi wa Pwani tusijione tumepona. Shakahola iko Kilifi, na miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023 haikuzikwa na watu wa Migori.

Lakini kushuku si kosa. Kina mama wa Owino Uhuru, hapo Mombasa, walishuku kiwanda cha kuyeyusha betri kuwa kinawaua watoto wao. Waliambiwa wanazua. Hawakuishia kusema moyo hautulii, wala hawakusema mwenye nguvu ndiye mwenye ukweli. Watoto walipimwa damu, risasi ikaonekana imo, na Julai 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa shaka yao walikwenda maabara na mahakamani. Ya stendi ya Rongo imekaa kitako palepale.

Siku mbili kabla sijarudi nilimsindikiza wifi zahanati, si ile ya mwanzo ambako aliwahi kuuliza swali akafokewa mbele ya foleni. Hii nyingine ilikuwa na sista mtu mzima. Wifi akauliza kwa nini dozi ya nne, kama tatu zinafanya kazi.

Sista akaweka kalamu chini. Akasema kinga ya zile tatu hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Akasema pia kwamba hata kwa nne mtoto anaweza kuugua malaria, kwa hiyo neti isitolewe, na homa ikipanda aje haraka.

"Kwa hivyo haizuii yote?" wifi akauliza.

"Haizuii yote."

Nilidhani hapo tumempoteza. Akamvua mtoto suruali, akampakata. Njiani aliniambia kuwa tangu mtoto azaliwe, huyo ndiye wa kwanza kumwambia dawa isichoweza.

Kijana wa bodaboda alikuwa akitungoja nje. Akamtazama mtoto aliyekuwa bado akilia kwa kwikwi.

"Amedungwa?"

"Amedungwa."

"Haya," akasema, akapiga pikipiki teke. "Mimi nitakuwa namwangalia."

Nikamwambia aangalie kweli, na aandike.