Uso wa Mtu Anayetaka Kujua

Watoto, mkiandika habari za mtu anayetaka kujua, andikeni kwanza uso wake. Kiingereza hutumia neno moja, curiously, nalo lina maana mbili: kwa kutaka kujua, au kwa namna ya ajabu. Msomaji aweza kukosea. Lakini uso haumpotezi.

Mtoto aliyekodoa macho mbele ya mizani sokoni Kirumba, nyusi juu, mdomo wazi, ataka kujifunza. Yule anayechungulia mlangoni, akigeuka-geuka asionekane, ni mdukizi. Wote wawili wataka kujua. Lakini mmoja astahili jibu, mwingine maonyo.

Basi tusimwite mtoto mdaku kabla ya kumtazama usoni. Aulizaye waziwazi ajibiwe, la sivyo kesho atanyamaza.