Je, Timu Iliyoshindwa Yastahili Mchezo wa Heshima?

Kila mwaka ifikapo mwisho wa Novemba, huko Marekani huzuka ubishi ambao kwa juu juu wahusu mpira tu, lakini kwa mwalimu ni ubishi wa darasani hasa. Swali lenyewe ni hili: je, timu ya chuo kikuu iliyoshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda yastahili kupewa mchezo wa ziada uliokusudiwa kuwa heshima ya washindi? Tumeona vema kulileta swali hili mbele ya wanachuo wetu, kwa maana kila mmoja wao atakabiliwa nalo mara tu atakapokabidhiwa darasa lake mwenyewe.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Futiboli ya Kimarekani si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu za vyuo vikuu hucheza kwa kawaida michezo 12 katika msimu. Msimu ukiisha, timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mchezo mmoja zaidi, aghalabu mbali na kwao. Michezo hiyo huitwa michezo ya bakuli, jina lililotokana na viwanja vikubwa vya kale vilivyojengwa kwa umbo la bakuli. Wa kwanza ulichezwa Pasadena, katika jimbo la California, tarehe 1 Januari 1902, na Michigan waliwashinda Stanford kwa pointi 49 kwa 0. Tangu mwaka 1916 mchezo wa Pasadena, ambao baadaye uliitwa Rose Bowl, umekuwa ukifanyika kila mwaka.

Zamani mialiko hiyo ilikuwa michache, na kupata mmoja kulikuwa fahari kubwa. Baadaye michezo iliongezeka mno. Kanuni ya chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yaani NCAA, husema kwamba timu itimize ushindi mara 6 katika michezo 12 ndipo ialikwe. Lakini mwaka 2015 kulikuwa na michezo ya bakuli 40, yenye nafasi 80, na timu zilizotimiza kanuni hazikutosha. Zilibaki nafasi 3. Nani azijaze?

Hapa ndipo jambo linapomgusa mwalimu. Chama hakikutazama tena mabao ya uwanjani, bali kilitazama kipimo cha masomo. Katika kipimo hicho kila mchezaji anayesaidiwa ada huiletea timu yake alama moja kwa kubaki chuoni, na alama nyingine kwa kutimiza masharti ya masomo. Hesabu kamili ni 1,000, na timu ambayo wastani wake uko chini ya 930 yaweza kuzuiwa isicheze baada ya msimu. Kwa kipimo hicho walialikwa Nebraska, Minnesota na San Jose State, kila mmoja akiwa ameshinda mara 5 na kushindwa mara 7. Wote watatu walishinda michezo yao ya bakuli. Mwaka uliofuata Mississippi State na North Texas nao waliingia kwa mlango huo huo. Wa kwanza alishinda, wa pili alishindwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, kanuni ya ushindi iliondolewa kabisa, na Mississippi State, walioshinda mara 3 tu na kushindwa mara 7, walicheza na kuwashinda Tulsa. Minnesota waliingia tena kwa kipimo cha masomo mwaka 2023.

Wapinzani wa utaratibu huu wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wao husema kwamba tuzo inayotolewa kwa kila mtu si tuzo tena, na kwamba kijana aliyejitahidi akashinda mara 9 hudharauliwa anapoketi meza moja na aliyeshindwa mara 7. Husema pia kwamba kumzawadia aliyeshindwa ni kumfundisha kuwa kushindwa hakuna uzito. Wahenga wetu walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni kweli kwamba mtu hawezi kukubali jambo ambalo watu wazima wanamficha.

Tunakubaliana nao katika hilo la kuficha. Lakini twaona kwamba wanachanganya vitu viwili, yaani tuzo na zoezi. Tuzo hutazama nyuma, kwenye kazi iliyokwisha fanywa, na hapana budi itolewe kwa waliostahili tu. Zoezi hutazama mbele, na mwenye kulihitaji zaidi ni yule aliye dhaifu. Mchezo wa bakuli una vyote viwili ndani yake. Timu iliyoalikwa hupata jina na safari, lakini hupata pia majuma kadhaa ya mazoezi pamoja na makocha wake, wakati timu isiyoalikwa imekwisha funga viatu kabatini. Tazama basi matokeo yake: mwenye nguvu huzidi kufundishwa, na mnyonge huzidi kupumzishwa. Mwaka ujao watakapokutana, tutasema kwamba huyu alizaliwa hodari na yule alizaliwa mzembe.

Jambo hili tulilishuhudia kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimkuta mwanachuo akiendesha kipindi cha michezo. Watoto walikuwa 48, naye aliwagawa katika timu 8 wakimbie mbio za kupokezana vijiti, timu mbili mbili, na iliyoshindwa ikae chini. Katika dakika chache za mwanzo watoto 24 walikuwa wameketi kivulini. Walioendelea walikimbia mara ya pili, na timu mbili zikakimbia mara ya tatu. Msichana mmoja miongoni mwa walioketi aliuliza, "Mwalimu, sisi tutakimbia tena lini?" Akajibiwa, "Nyinyi mmeshindwa, kaeni." Jioni, katika mazungumzo ya kutathmini somo, tulijiandaa kumkosoa. Kisha tukakumbuka kwamba mpango ule wa mtoano aliupata kwetu, ubaoni, chuoni. Nusu nzima ya darasa ilikuwa imepewa mazoezi ya mara moja, na wale wenye mbio hafifu ndio waliokaa zaidi. Hatukumkosoa yeye. Tulibadili somo letu.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba timu iliyoshindwa ipewe mchezo, lakini isipewe jina la ushindi. Na twaongeza sharti moja: mlango iingilie uwe umetangazwa mapema. Kwa upande huo kipimo cha masomo ni kizuri kuliko wapinzani wanavyokubali. Hakimwambii kijana kwamba kushindwa kwake mara 7 hakukutokea. Chamwambia kwamba iko kazi nyingine aliyoifanya, ambayo haikushangiliwa na mtu, na kwamba ilihesabiwa.

Hata hivyo hatuwezi kuusifu utaratibu huo wote. Milango ile 3 ya mwaka 2015 haikufunguliwa kwa kuwahurumia vijana. Ilifunguliwa kwa kuwa nafasi zilikuwa tupu, na michezo ni biashara: kampuni ya televisheni ya ESPN yenyewe inamiliki michezo kadhaa ya bakuli. Laiti nafasi zingekuwa 70, hakuna ambaye angeuliza vijana wa Nebraska wamesoma namna gani. Jema lililofanywa lilifanywa kwa bahati, na mwalimu haruhusiwi kungoja bahati. Yeye hana budi kutenga nafasi ya mnyonge tangu anapoandika andalio la somo.

Tungependa basi wanachuo wetu wayazingatie haya. Kwanza, katika vipindi vya michezo wapange mashindano ambayo kila timu hukutana na kila timu, au walioshindwa wakutane wenyewe kwa wenyewe, ili mtoto dhaifu asiwe ndiye anayecheza kidogo kuliko wote. Pili, matokeo yasemwe wazi. Aliyeshindwa aambiwe ameshindwa, bila kejeli na bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha aambiwe mchezo wake ujao ni lini. Tatu, katika hesabu na kusoma mwalimu ajiulize kila juma: ni nani aliyeitwa ubaoni mara nyingi? Akiona kwamba ni wale wale wanaojua, basi naye ameendesha mtoano bila kujitambua. Nne, zawadi zibaki kwa washindi. Tusimpe kila mtoto kalamu ili tusione machozi, kwani watoto hutambua upesi zawadi isiyo na maana.

Huko Marekani ubishi utaendelea, na kila Desemba kutakuwa na timu iliyoshinda mara 5 inayongoja kuitwa. Kwetu sisi swali si la Desemba. Yule msichana wa kivulini alitaka kujua atakimbia tena lini, na mwalimu anayeingia darasani bila jibu la swali hilo hajamaliza kuandaa somo lake.