Filamu ya The Revenant na mjadala wa watazamaji: Je, kumwachia Mungu kisasi ndiko kusamehe?

Jumapili ya tarehe 28 Februari 2016, Mama Kanisa alipokuwa akiadhimisha Jumapili ya tatu ya Kwaresima, mjini Los Angeles nchini Marekani zilitolewa tuzo za filamu za Oscar. Filamu ya The Revenant, iliyoteuliwa kuwania tuzo 12, ilijinyakulia tuzo 3: ya mwongozaji bora kwa Alejandro González Iñárritu kutoka Mexico, ya upigaji picha bora kwa Emmanuel Lubezki, na ya mwigizaji bora wa kiume kwa Leonardo DiCaprio, ambaye alikuwa ameisubiri kwa zaidi ya miaka 20 tangu alipoteuliwa kwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe 28 Januari, mwigizaji huyo alipokelewa mjini Vatican na Baba Mtakatifu Francisko, na mazungumzo yao yalijikita katika utunzaji wa mazingira, nyumba ya wote.

Shamrashamra za tuzo zilikwisha, lakini mjadala wa watazamaji uliendelea. Wengi walizungumzia dubu, theluji na mateso. Wengine waliuliza jambo zito zaidi: mtu yule, mwishoni mwa safari yake, alisamehe au alilipiza kisasi? Hili ni swali ambalo waamini hawana budi kulitafakari kwa kina, kwa sababu namna tunavyolijibu inafichua hali ya mioyo yetu wenyewe.

Simulizi lenyewe

Filamu hii inasimulia habari za Hugh Glass, mwindaji na mwongoza njia wa kundi la wafanyabiashara wa ngozi za wanyama, mwaka 1823, katika nyika za bonde la mto Missouri. Glass anashambuliwa na dubu jike mwenye watoto na kujeruhiwa vibaya sana. Wenzake wanaachwa wamtunze hadi atakapokata roho na kumzika kwa heshima. Lakini mmoja wao, John Fitzgerald, anamuua Hawk, kijana wa Glass aliyezaliwa na mama wa kabila la Wapawnee, kisha anamtupa Glass kaburini angali hai na kukimbia. Mwindaji huyo anajikokota kutoka shimoni, anatambaa kwenye barafu, anakula nyama mbichi na kulala ndani ya mzoga wa farasi ili asife kwa baridi. Kinachomwezesha kuendelea kupumua ni hamu ya kumfikia muuaji wa mwanawe.

Njiani anakutana na Mpawnee mmoja ambaye ameuawa jamaa zake wote. Mtu huyo anamgawia chakula, anamtibu vidonda na kumweleza kwamba kisasi kimo mikononi mwa Muumba. Muda mfupi baadaye msamaria huyu mwema ananyongwa na wawindaji wa Kifaransa. Maneno yake yanabaki moyoni mwa Glass mpaka mwisho. Pale ukingoni mwa mto, baada ya mapigano makali, Fitzgerald yuko chini yake akitokwa damu. Glass anasita, anarudia kwamba kisasi ni cha Mungu, halafu anamsukuma adui yake majini, upande wa pili wanakosubiri wapiganaji wa kabila la Waarikara. Hao ndio wanaommaliza.

Maoni ya watazamaji

Watazamaji wamegawanyika makundi kadhaa. Wapo waliovutiwa na ustadi: filamu iliyopigwa kwa mwanga wa asili karibu yote, katika baridi kali ya Kanada na baadaye kusini kabisa mwa Argentina, ambako waandaaji walilazimika kwenda kuitafuta theluji. DiCaprio mwenyewe, alipopokea tuzo, aliitumia nafasi hiyo kuwakumbusha walimwengu juu ya mabadiliko ya tabianchi, jambo linalokwenda sambamba na wito wa Baba Mtakatifu Francisko katika Waraka wake wa kitume Laudato si' wa mwaka 2015.

Wapo waliochukizwa. Kwao, saa mbili na nusu za damu, majeraha na vilio ni mateso yaliyogeuzwa kuwa burudani, nao wanauliza faida yake kwa roho ya mtu. Swali lao si la kudharauliwa. Mateso yanapotazamwa kwa ajili ya msisimko tu huifanya mioyo kuwa sugu, na mtu aliyezoea kumtazama mwenzake akiteswa kwenye kioo anaweza kumpita pia yule aliyelala majeruhi barabarani.

Wapo pia wanaotafakari nafasi ya wenyeji asilia wa Marekani. Wengi wamefurahi kusikia lugha zao, na kumwona kiongozi wa Waarikara akipigana kwa sababu binti yake ametekwa na wageni. Wengine wanasema kwamba, pamoja na hayo yote, anayebaki katikati ya simulizi ni mzungu, wakati waliopokonywa ardhi na watoto wao wanabaki pembezoni.

Lakini mgawanyiko mkubwa zaidi unahusu dakika zile za mwisho. Baadhi wanasema Glass alishinda kishawishi, kwani hakuua. Baadhi wanasema alijidanganya, kwani alijua fika nani wanasubiri ng'ambo ya mto. Na wapo wengi ambao hawakuona mjadala wowote: waliridhika kumwona mwovu akipata alichostahili, wakatoka wakiwa na nafsi nyepesi. Wepesi huo ndio unaopaswa kutufikirisha.

"Namwachia Mungu"

Katika lugha yetu ya Kiswahili kuna maneno ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuyatamka au kuyasikia: "Namwachia Mungu." Anayasema mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, mzazi ambaye mtoto wake amegongwa na dereva aliyetoroka. Yanaweza kuwa sala safi ya imani. Lakini tukiwa wakweli, mara nyingi yanatamkwa kwa meno yaliyoumana, na maana yake iliyofichika ni hii: mimi sitakugusa, ila namsubiri Mungu akupige, nami niwepo nikitazama. Huko si kumwachia Mungu. Ni kumtuma Mungu, kana kwamba Yeye ni askari wa kukodiwa wa ghadhabu zetu.

Ndivyo alivyofanya Glass wa kwenye filamu. Mdomo wake ulimtaja Mungu, na mikono yake ikamkabidhi adui kwa wenye visu. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi 12:19-21, anawasihi Wakristo wasijilipizie kisasi bali waiachie nafasi ghadhabu ya Mungu, lakini haishii hapo. Papo hapo anawaagiza wamlishe adui mwenye njaa na kumnywesha mwenye kiu, ili ubaya ushindwe kwa wema. Anayemwachia Mungu kweli huacha pia kusubiri anguko la mwenzake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2302, inafundisha kwamba kutamani kisasi ili kumtendea mabaya anayestahili adhabu ni kosa, ila kudai fidia kwa ajili ya kurekebisha uovu na kulinda haki ni jambo jema. Na katika namba 2843 Kanisa linakiri kwa unyenyekevu kwamba haiko katika uwezo wetu kutosikia tena uchungu wala kusahau tulichotendewa. Lakini moyo unaojikabidhi kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha kuwa huruma na kumbukumbu kuwa maombezi. Kwa hiyo, mama anayelia kwa sababu hajaweza kusahau asidhani kwamba ameshindwa kusamehe. Msamaha ni njia ndefu inayoanza pale mtu anapokataa kumtakia mwenzake mabaya, hata kama machozi hayajakauka.

Glass wa historia na nafasi ya sheria

Ni vyema watazamaji wafahamu pia kwamba mwisho wa filamu si mwisho wa historia. Hugh Glass aliishi kweli, alijeruhiwa kweli na dubu mwaka 1823, akaachwa na wenzake wawili na kujikokota zaidi ya kilomita 300 hadi kufika Fort Kiowa. Lakini kijana Hawk na kifo chake ni ubunifu. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoandikwa miaka iliyofuata, Glass alimpata yule mdogo kati ya wawili hao akamsamehe kwa ajili ya ujana wake. Alipomfikia Fitzgerald, alimkuta amejiunga na jeshi. Kumuua askari kungemletea adhabu kali, hivyo alirudishiwa bunduki yake aliyokuwa ameporwa, akaenda zake. Hakuna aliyeuawa.

Tusimfanye Glass kuwa mtakatifu. Huenda alichomzuia kwa Fitzgerald kilikuwa hofu zaidi kuliko upendo. Hata hivyo kuna fundisho hapa. Palipokuwa na mamlaka, hata dhaifu, mkono ulioinuliwa ulishuka, na aliyeporwa akarudishiwa mali yake. Si kwa bahati kwamba Mtume Paulo, mara baada ya kukataza kisasi, anazungumzia katika sura ya 13 wajibu wa mamlaka ya nchi wa kumwadhibu mtenda mabaya. Msamaha wa Kikristo haufuti haki. Mtakatifu Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye, akiwa hospitalini, alitangaza kumsamehe aliyempiga, na tarehe 27 Desemba 1983 akamtembelea gerezani huko Roma. Mtu huyo hakutoka siku ile. Aliendelea na kifungo chake nchini Italia hadi mwaka 2000. Katika ujumbe wake wa Siku ya Kuombea Amani Duniani mwaka 2002, Papa huyo alifundisha kwamba amani inahitaji haki, na haki inahitaji msamaha.

Fundisho hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba mtuhumiwa fulani ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ikishakuwa kali na watu wakishakuwa wengi, basi dhambi haina mwenyewe. Aliyerusha jiwe, aliyeleta tairi na aliyesimama akishangilia wote hurudi nyumbani wakisema si wao waliomuua, kama ambavyo Glass angeweza kusema kwamba yeye alisukuma tu. Vijana wetu wanaojaa kwenye vibanda vya video wanazijua vizuri filamu za kisasi, na wanajua wakati gani wa kupiga makofi. Wazazi, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo wasiishie kuwakataza. Wakae nao na kuwauliza: pale ulipofurahi, ulifurahia nini?

Huruma ambayo wengi hawakuiona

Ndani ya filamu hii hii kuna matendo mawili ya huruma ambayo hayajazungumzwa sana. La kwanza: Glass anaporejea ngomeni na kumkuta kijana Bridger, ambaye naye alimwacha, anamtetea mbele ya mkuu wao, akieleza kwamba kijana huyo alidanganywa. Hapa hakuna mto wala visu, kuna ukweli uliosemwa kwa ajili ya aliyekosea. La pili: Glass, akiwa mwenyewe anawindwa, anahatarisha maisha yake kumwokoa binti aliyekuwa akinajisiwa na watekaji wake. Binti huyo ndiye aliyekuwa akitafutwa na Waarikara. Mwishoni, wapiganaji wanapita mbele ya Glass aliye hoi, binti yule akiwa pamoja nao juu ya farasi, na hawamgusi.

Kisasi kilimfikisha ukingoni mwa mto, lakini huruma aliyomtendea mtu asiyemjua ndiyo iliyomwachia uhai. Kisasi kilipokamilika hakikumpa kitu. Hata Fitzgerald, mwovu yule, alimwambia ukweli kabla ya kufa, kwamba hakuna kitakachomrudisha mwanawe. Filamu inaishia kwenye uso wa mtu aliyebaki peke yake, akihema.

Kwaresima ile Liturujia ilituwekea chakula kingine. Jumapili ile ile ya tuzo, Injili ya Luka ilituletea mti wa mtini usiozaa, ambao mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi kabla ya kukatwa. Jumapili iliyofuata tulimsikia baba mwenye huruma akimkimbilia mwanaye aliyepotea, na Jumapili ya tano tulikutana na mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, ambaye washitaki wake waliondoka mmoja mmoja, wakiyaacha mawe. Mungu anayefunuliwa katika Injili hizi hasubiri ng'ambo ya mto akiwa na kisu. Yeye huongeza muda, hutoka kwenda kumlaki aliyekosa, na kumwambia asitende dhambi tena.

Tunapojiandaa kwa Sakramenti ya Upatanisho kabla ya Pasaka, kila mmoja amtafute moyoni yule ambaye amekuwa "akimwachia Mungu", kisha amtaje kwa jina katika sala, si ili apigwe, bali ili aongoke na kuishi. Na kama kuna haki inayodaiwa, idaiwe mezani, mbele ya wazee, kanisani au mahakamani, kwa ukweli na bila chuki. Ndipo tutakapoweza kusali Sala ya Bwana bila kujihukumu wenyewe kwa maneno yetu, tunapomwomba Baba atusamehe kama tunavyowasamehe wengine.